Siku nne Kampala, na nyumba isiyokuwa yetu

(Maneno haya yalisemwa Bunia na ndugu mmoja wa komiti ya amani, mbele ya familia zilizohamishwa na vita pamoja na viongozi wao. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema.)



Nimeombwa niseme juu ya nyumba na mashamba ambayo watu waliyaacha walipokimbia, na watu wengine wakaingia. Nilikuwa nimeandika maneno ya sheria kwenye karatasi. Jana usiku nikaona afadhali niwasimulie safari moja niliyofanya na mdogo wangu wa kike, mwezi wa saba mwaka 2017, kwenda Kampala kumtembelea rafiki yangu. Tulikaa kule siku nne tu. Sheria nitaigusa njiani. Nikimaliza wengine mtanilaumu, na mtakuwa na haki.

Rafiki huyo tulisoma naye sekondari hapa Bunia, miaka minne, benchi moja. Mimi nilikuwa nakaa kwa mjomba, yeye alikuwa kwao. Kabila lake si langu. Sitataja lake wala langu, kwa sababu nikitaja tu, nusu ya watu walio hapa wataacha kusikiliza na wataanza kuhesabu.

Mwanzoni mwa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia na wanamgambo wakaanza kuugombania mji, familia yake ilifunga nyumba, ikateremka mpaka Ziwa Albert, ikavuka. Sisi kwetu ni kijijini, upande wa Djugu. Kijiji kilichomwa, tukafika Bunia mwezi wa saba, wakati wanajeshi wa Ulaya, wale wa Operesheni Artemis, walikuwa wanalinda mji. Tukapewa nafasi katika kambi ya uwanja wa ndege. Watu saba chini ya shitingi moja. Waliokaa kambi ile wanajua mvua yake. Baba alifia pale mwezi wa kumi.

Mwezi uliofuata niliwachukua mama na wadogo zangu, nikawapeleka kwenye nyumba ya rafiki yangu. Milango ilikuwa imeng'olewa, mabati ya upande mmoja yameibwa, ndani mlikuwa na majivu na uchafu wa watu. Hatukuvunja kufuli, maana hapakuwa na mlango wa kufungwa. Tulifagia, tukaingia. Mama aliniuliza kama wenyewe wanajua. Nikamwambia, "Ndiyo, rafiki yangu ameturuhusu." Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Niliusema ili mama apate usingizi.

Wa pili ulikuja mwaka 2006. Rafiki yangu alipata namba yangu ya telefoni kwa mtu aliyevuka ziwa. Tulifurahi sana, tulipiga kelele kama watoto. Akauliza habari za baba, nikamwambia. Akauliza habari za walimu wetu. Halafu akauliza, "Na nyumba yetu ikoje?" Nikajibu, "Wanajeshi wanakaa humo."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Niliona tu shitingi mbele ya macho yangu. Na likishatoka halirudi. Kwa miaka kumi na mmoja, kila alipopiga aliuliza, nami niliwaongezea wale wanajeshi maisha: mara wamebadilishwa, mara kamanda mpya ni mkali, mara wamepaka chokaa. Yeye alikuwa ananipa pole na kuniambia nisipite karibu na pale, wasije wakanipiga.

Mwaka 2017 akanieleza kwamba mama yake anaugua ugonjwa wa sukari, na anataka mambo ya parsele yawe wazi kabla hajafa. Mjomba wao mmoja angekuja Bunia mwezi wa nane, na karatasi mkononi, kwenda kumwona kamanda. Hapo nikaelewa kwamba siku zangu zimekwisha. Nikamwambia nitakuja Kampala kuwasalimu kwanza. Akafurahi. "Njoo na mdogo wako," akasema. "Mama anamkumbuka, ulimleta kwetu siku moja akiwa mdogo anaumwa jino."

Basi nikaenda na mdogo wangu, na yeye hakujua lolote. Alikuwa na miaka 25. Aliingia nyumba ile akiwa na miaka 11, akakua mle, akazalia mle. Kwa fedha zake za ushonaji alikuwa amejenga vyumba viwili vya matofali upande wa nyuma. Kwake yeye ile ilikuwa nyumba tuliyopewa na rafiki wa kaka yake, na safari ile ilikuwa ya kwenda kushukuru. Alibeba samaki wakavu na sombe iliyotwangwa, kilo nne.

Tulipanda gari kwenda Kasenyi. Njia hiyo inapita Bogoro, ambako watu wengi waliuawa tarehe 24 Februari 2003. Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa safari yetu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilikuwa imetoa amri ya malipo katika kesi ya Germain Katanga: watu 297 wapewe kila mmoja dola 250 za kuwa alama, pamoja na misaada ya pamoja kama nyumba na masomo ya watoto. Ndani ya gari watu waligombana juu ya hizo dola. Mama mmoja akasema mtoto wake hana bei ya mbuzi wachache. Mzee aliyekaa mbele akasema, "Si bei, mama. Ni kusema kwamba lilitendeka." Mdogo wangu alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa naangalia dirishani.

Ziwa lilikuwa limetulia. Tulivuka mpaka Ntoroko, tukalala Fort Portal, asubuhi tukapanda basi. Mpakani tulilipa na kungojea, pande zote mbili, kama kawaida. Jioni ya Ijumaa tulifika Kampala, na rafiki yangu alikuwa anatungojea kwenye kituo cha mabasi. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alinikumbatia mpaka mzigo ukaanguka.

Alikuwa anakaa Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma, ambako nyundo zinagonga tangu alfajiri. Vyumba viwili na ukumbi mdogo: yeye, mke wake, watoto wanne, mama yake. Yeye ni seremala. Mke wake anauza vitenge kwa miguu, ameviweka mkononi na begani, anatembea ofisi kwa ofisi na saluni kwa saluni. Wanawake wengi wa Kongo kule wanafanya kazi hiyo. Walianzia katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, wakapewa kipande cha kulima, lakini mama hakuweza kukaa mbali na hospitali kubwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi afanye kazi na aende anakotaka. Ila aliyekuja kukaa mjini anajitegemea: chakula na kodi ya nyumba ni juu yake.

Kodi. Usiku ule nililala ukumbini nikihesabu. Mtu huyu alikuwa amelipa kodi Kampala miaka kumi na zaidi, na ana nyumba Bunia, na mimi niko ndani yake silipi kitu.

Jumamosi alitutembeza. Nilikuwa nimejiambia nitamweleza tukiwa njiani. Tulipita uwanja wa teksi, ule wenye magari madogo meupe yaliyobanana mpaka huoni ardhi, tukaingia soko la Owino, ambalo jina lake la serikali ni Mtakatifu Balikuddembe. Mdogo wangu alimsemesha muuzaji mmoja kwa Kiswahili chetu, mama yule akarudi nyuma. Rafiki yangu akacheka, akaeleza kwamba wazee wengi wa Kampala Kiswahili walikisikia kwanza kwa wanajeshi na wanyang'anyi, ndiyo sababu wanakiogopa. (Mwaka 2022 serikali yao ilikubali kiwe lugha rasmi, na Kongo mwaka huohuo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Labda watoto wao hawataogopa.) Baadaye tukapanda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala, ule uliojengwa kwa fedha za Gaddafi. Kule juu unaona mji wote na vilima vyake. Rafiki yangu akanionyesha njia ya Katwe, njia ya Entebbe, na upande wa magharibi akasema, "Na kule ni kwetu." Mdogo wangu alikuwa mbali kidogo, anapiga picha. Ilikuwa nafasi nzuri. Nilisema kuna upepo, tushuke.

Jioni tulikula ile sombe. Mama yake alikula kidogo, kwa sababu ya dawa, lakini alifurahi. Akamgeukia mdogo wangu: "Sasa, mwanangu, ninyi mnakaa wapi Bunia?"

Mdogo wangu akadhani mama anatania. Akacheka. "Si kwenu, mama! Avoka yenu bado inazaa mara mbili kwa mwaka. Ule ufa wa ukutani karibu na dirisha nimeujaza saruji mwaka jana. Na zile ngazi tatu za mbele, moja imevunjika, lakini kisima ni kizima." Akaendelea. Akaeleza vyumba vyake viwili vya nyuma, na jinsi alivyokata tawi moja la avoka ili apate nafasi ya kuezeka. Alikuwa anaeleza kwa shukrani.

Mama hakusema kitu. Alimwangalia mwanawe. Rafiki yangu aliniangalia mimi. Akaweka sahani chini polepole, akavaa viatu, akatoka. Hakurudi usiku ule. Mke wake aliondoa vyombo. Mama akamwuliza mdogo wangu, "Na avoka za mwaka huu, ni kubwa?" Akajibu, "Ni kubwa, mama." Nafikiri ndipo mdogo wangu alipoelewa, maana sauti yake ilibadilika.

Wandugu, nimehudhuria vikao vingi vya upatanisho. Nimeona wanaume wenye silaha wakipeana mikono mbele ya kamera. Sijawahi kuona aibu kama ile ya chumba kile.

Jumapili asubuhi mama alitoa mfuko wa plastiki chini ya godoro. Ndani mlikuwa na karatasi za parsele na risiti, zote zimekunjwa. Alizibeba kutoka Bunia kifuani, akavuka nazo ziwa. Hakunipigia kelele. Aliniambia, "Wewe ungesema tu. Ningewaambia kaeni." Mpaka leo neno hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nadhani ni kweli.

Rafiki yangu alirudi mchana pamoja na mzee mmoja Mkongomani wa kanisa lao, aliyewahi kufanya kazi ya sheria Bukavu. Hakutaka kukaa karibu nami. Alisema maneno makali, na sitayarudia, ila moja: "Nilikuhurumia miaka kumi na mmoja kwa sababu ya wanajeshi ambao ni wewe." Sikuwa na jibu.

Mzee yule alitusaidia kwa namna ambayo ningependa viongozi mlio hapa muisikilize. Hakuanza na nani mwema na nani mbaya. Alituambia kwanza kwamba jambo letu lilikwisha kujadiliwa katika mji uleule wa Kampala: tarehe 23 Oktoba 2009, Umoja wa Afrika ulipitisha pale Mkataba wa Kampala juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, na mkataba huo unazitaka serikali zilinde mali ambayo watu wameiacha nyuma na ziweke njia nyepesi za kuamua ugomvi juu ya mali hizo. Unaanza kutumika tangu Desemba 2012. Kisha akataja kanuni za Pinheiro za mwaka 2005, za Umoja wa Mataifa, zinazosema aliyekimbia ana haki ya kurudishiwa nyumba yake. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Mzee akaendelea: kanuni hizohizo zinasema pia kwamba aliyeingia katika nyumba ya mwingine kwa shida asitupwe nje ovyo, bila utaratibu, bila kupewa muda. Mambo mawili, na yote mawili ni haki. Mashirika mengi yanatufundisha la kwanza. La pili halisemwi sana, na bila la pili hakuna anayefungua mlango kwa hiari.

Halafu akaomba daftari. Akamwuliza mama: nyumba mliiacha na nini? Milango mitatu, madirisha manne, mabati 32, kisima, choo. Akaniuliza: mliikuta na nini? Mabati 19, kisima kimejaa takataka, milango hakuna. Mmeongeza nini? Mmeharibu nini? Tuliandika kila kitu, hata ngazi iliyovunjika. Ilituchukua saa tatu. Nawaambieni, kuhesabu mabati kulitupa pumzi. Kabla ya hapo kila neno lilikuwa juu ya moyo wa mtu. Sasa lilikuwa juu ya misumari.

Jumatatu tuliandika mapatano kwa Kiswahili, nakala mbili. Mama hakutaka kodi ya miaka iliyopita. Alisema matengenezo yameilipa. Sisi tulikubali kuondoka mwisho wa mwaka wa shule, yaani kabla ya Julai 2018, na tangu Januari tulipe dola 20 kwa mwezi kwa dada yake mama aliyebaki Bunia. Walibakia wale vyumba viwili vya nyuma. Mama alisema atatoa dola 300. Mdogo wangu alisema atang'oa matofali yake moja moja ayabebe kichwani. Hakutia sahihi. Mimi nilitia, mama alitia, rafiki yangu alitia bila kuniangalia, na mahali pa vyumba vya nyuma mzee aliandika: "Jambo hili bado." Napenda karatasi ile kwa sababu ya maneno hayo. Mapatano mengi ya nchi hii yanavunjika kwa kuwa yanajifanya yamemaliza kila kitu.

Jumanne tuliondoka. Kutoka Kampala mpaka Ntoroko mdogo wangu hakunisemesha. Ndani ya mashua aliniambia, "Yaya, ulinifanya mwizi na mimi sijui." Kisha akanyamaza tena mpaka Bunia. Mama yetu, nilipomweleza, alilia, akaanza kufunga vyombo siku ileile. Tulimzuia kwa shida.

Mnajua kilichofuata. Desemba 2017 mauaji yalianza tena Djugu, na mwanzoni mwa 2018 watu walijaa Bunia. Ndugu za rafiki yangu wa upande wa mama, watu kumi na mmoja, walifika mlangoni petu usiku na watoto wenye homa. Walikuwa wanajua ni nyumba yao. Wangeweza kututoa kwa nguvu, na katika siku zile hakuna ambaye angewazuia. Karatasi ilikuwepo, nikaleta, tukaisoma kwa taa. Imesema Julai. Mdogo wangu akaenda nyuma, akatoa cherehani yake, akawafungulia vile vyumba viwili. Walikaa vizuri wiki tatu, halafu wakaanza kugombana na mama juu ya choo. Lakini walikaa. Mwezi wa sita tukahama, kama tulivyoandika, tukapanga nyumba ya udongo upande mwingine wa mji.

Kuna kiongozi mmoja, simtaji, aliyetaka nimlipe ili apige muhuri kwenye karatasi ile. Nilikataa, na haina muhuri mpaka leo. Viongozi, muhuri wenu ungetusaidia. Karatasi ya watu wawili inafika mpaka kwenye uzio. Muhuri wa mtaa unaifikisha kwenye ofisi ya ardhi. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni wa serikali, na raia anashikilia haki yake kwa hati. Wengi wetu hatuna hati ile kubwa. Tuna karatasi ndogo, mashahidi na ninyi. Mkiuza muhuri, mnamwachia mwenye panga aamue.

Vyumba vya nyuma vilikuja kuhesabiwa na fundi mwaka 2019, wakakubaliana dola 450. Rafiki yangu analipa kidogo kidogo. Zimebaki 90. Mdogo wangu ananikumbusha kila Noeli, kana kwamba deni ni langu, na sijamkatalia.

Mama yake rafiki yangu alifariki Kampala mwaka 2020, wakati mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Alizikwa kule. Hakuiona nyumba. Aliiona kwenye telefoni tu: baada ya sisi kuhama nilienda na mdogo wangu tukapiga picha chumba kwa chumba, na ngazi iliyovunjika, na avoka.

Mtaniuliza kama bado ni rafiki yangu. Tunaongea. Ananieleza habari za watoto, namweleza habari za hapa. Lakini hanitanii tena kama zamani, nami siwezi kumwomba anitanie. Na anapouliza jambo lolote la Bunia, kama barabara imetengenezwa au kama fulani amepona, sijibu kwa mdomo. Naenda pale, napiga picha, namtumia.

Kesho nitakuwa hapa tangu saa mbili mpaka saa sita na daftari. Anayekaa katika nyumba ya mtu, au mwenye nyumba inayokaliwa, aje. Si lazima aje na mwenzake.